Nani wa kumwendea, na uende na nini: majibu kwa wasomaji wa Unguja na Pemba

Barua za msimu huu karibu zote zinamtaja mtu mmoja. Maji hayatoki, Mwakilishi. Jina limekosewa kwenye cheti, Mwakilishi. Mita haiingizi umeme, Mwakilishi. Ana wajibu wake, na tumeueleza hapa chini, lakini mengi ya haya yana afisi yake, tena afisi hiyo iko karibu na nyumbani kuliko Chukwani, liliko Baraza la Wawakilishi. Tumejibu kwa kutaja afisi, karatasi za kuchukua, na mahali ambapo jambo hukwama.

Barabara yetu ya ndani imekatika kwa mvua za masika. Kijiji kimegawika: wengine wanataka tumwandikie Mbunge, wengine Mwakilishi, na sheha anatwambia tusubiri. Tuanzie wapi?
*Wanakijiji, Wilaya ya Wete*

Jambo hili ni la Mwakilishi, ila msianzie kwake.

Kila moja kati ya majimbo 50 ya Zanzibar lina watu wawili waliochaguliwa. Mbunge yuko kwenye Bunge la Jamhuri ya Muungano, Dodoma. Mwakilishi yuko kwenye Baraza la Wawakilishi, Chukwani. Kinachogawa kazi zao ni orodha ya mambo 22 ya Muungano iliyomo kwenye Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano: ulinzi, polisi, uraia, uhamiaji, elimu ya juu, posta na simu, na mengineyo. Kadhia ya kituo cha polisi au ya pasipoti mpelekeeni Mbunge. Maji, umeme, skuli, hospitali, ardhi, barabara, masoko na taka si mambo ya Muungano. Hayo yanajibiwa na mawaziri wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, na anayeweza kumsimamisha waziri huyo na kumuuliza mbele ya Spika ni Mwakilishi.

Kwanza jueni barabara ni ya nani. Barabara kuu na zile za lami ziko chini ya wizara inayoshughulikia ujenzi. Njia za ndani, zile za udongo na kifusi, mara nyingi huwa mikononi mwa serikali ya mtaa, na kwenu mtu wa kumuuliza ni diwani wa wadi yenu. Sheha hamiliki barabara wala hana fungu la kuitengeneza, lakini muhuri wake ndio unaothibitisha kuwa nyinyi ni wakaazi wa pale na kwamba tatizo lipo. Kwa hiyo mpango uwe hivi: barua ipite kwa sheha, iende baraza la mji, nakala kwa Mkuu wa Wilaya na nakala kwa Mwakilishi. Ikiwa barabara ni ya wizara, huko Pemba hamna haja ya kuvuka bahari. Kila wizara ina Afisa Mdhamini wake kisiwani, na barua iende kwake.

Sasa barua yenyewe. Barua nyingi hufa kwa sababu zimeandikwa “barabara yetu ni mbovu, tunaomba msaada”. Afisa akiisoma hana la kufanya nayo. Andikeni barabara inaanzia wapi na kuishia wapi, kwa majina ya mahali yanayojulikana. Pimeni kwa kamba urefu wa kipande kilichokatika, upana wake na kina cha shimo. Tajeni nani anapita: wanafunzi wa skuli gani, wagonjwa wanaokwenda kituo gani cha afya, gari za karafuu wakati wa mavuno. Ambatanisheni picha mbili, moja ya siku ya mvua na moja ya siku kavu, kila moja ikiwa na tarehe nyuma. Ombi liwe moja. Mkiomba barabara, kisima na kiwanja cha mpira katika barua moja, itazunguka meza tatu na kila meza itasema si yangu.

Chukueni nakala mbili. Moja inabaki kwao, na ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, mrudi nayo. Bila muhuri ule hamna la kumwonesha Mwakilishi, na yeye hana la kumwonesha waziri.

Halafu kuna wakati. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na bajeti hujadiliwa Barazani kuanzia Mei. Kijiji kinachopeleka ombi mwezi wa Mei, baada ya masika kukata njia, kimeshachelewa. Vitabu vimefungwa, na atakachoambiwa mtu ni “tutaangalia mwakani”. Ombi lenye vipimo lifike kabla ya Disemba. Mtapata pia faida ya kuwa mvua za vuli zitakuwa zimeonesha uharibifu wenyewe.

Kuna Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo. Uombeni, lakini muombe kinacholingana na uwezo wake. Fedha zake hugawiwa shehia zote za jimbo, kwa hiyo hautoi lami. Unaweza kutoa saruji, mabomba ya kalvati au mabati. Wanakijiji wakitoa mawe na nguvu kazi, na wakaonesha hesabu ya vifaa, ombi lao huwa jepesi kukubaliwa.

Na kwa vile mtakuwa na nguvu kazi, ziangalieni hizi sababu za njia kukatika. Njia ya udongo haiuliwi na magari, huuliwa na maji yanayokaa juu yake. Katikati lazima pawe juu kuliko kingo. Kwa njia ya upana wa mita 4, katikati pazidi kwa sentimita 10 hivi. Pembeni pawe na mtaro unaoteremka mpaka mahali maji yanapotokea. Mtaro usio na pa kutokea ni dimbwi refu, na litarudi barabarani. Maji yakilazimika kuvuka, wekeni kalvati isiyopungua kipenyo cha sentimita 60. Ndogo kuliko hiyo huziba kwa makuti na matope ndani ya msimu mmoja, na haiingiliki kwa koleo kusafishwa. Mkijaza kifusi bila ya mambo haya, mnafanya kazi ya kurudiwa kila mwaka.

Mfereji wetu hutoa maji usiku wa manane tu, na mchana ni upepo. Jirani amefunga pampu kwenye bomba. Bili nayo inaendelea kuja. Tufanye nini?
*Bibi wa nyumba, Magharibi B*

Bibi, hapa yamechanganyika mambo matatu, na ukiyapeleka pamoja hutajibiwa hata moja.

Anza na maji machache. Sehemu kubwa ya maji yetu ya mfereji hutoka visimani kwa pampu za umeme, hupandishwa kwenye tangi la juu, kisha huteremka majumbani. Kila mita 10 za kupanda hula presha ya baa moja, kwa hiyo aliye kilimani au mwisho wa laini hupata pale tu walio chini wanapolala. Hiyo ndiyo sababu ya maji ya usiku. Lakini yawezekana pia tatizo liko kwenye bomba lako mwenyewe, na njia ya kulijua haina gharama.

Chukua ndoo ya lita 20 na simu yenye saa. Kwenye mfereji wa kwanza baada ya mita, fungua mpaka mwisho, hesabu sekunde mpaka ndoo ijae. Fanya alfajiri, adhuhuri na saa nne za usiku, kwa wiki nzima, na uandike. Ndoo ikijaa kwa dakika moja, unapata lita 20 kwa dakika, na hiyo inatosha nyumba. Ikichukua dakika 10, ni lita 2 tu kwa dakika. Waombe majirani wawili, mmoja aliye kabla yako kwenye laini na mmoja aliye baada yako, wapime saa zile zile. Wote wakiwa sawa nawe, tatizo ni la laini au la zamu za maji. Ukiwa wewe tu, muite fundi aangalie chujio lililo kabla ya mita, koki iliyofungwa nusu, na bomba la chuma lililokula kutu kwa ndani. Bomba la nusu inchi lililozeeka hubakiwa na tundu la kupita penseli.

La pili ni bili. Funga mifereji yote, na boya la tangi pia, kabla ya kulala. Andika namba zote za mita, nyekundu pamoja. Soma tena alfajiri kabla ya mtu kutawadha. Namba zikisogea, nyumba inavuja. Lita 10 kwa saa ni jambo dogo kwa macho, lakini ni lita 240 kwa siku na zaidi ya 7,000 kwa mwezi, yaani uniti saba unazozilipia bure. Mahali panapovuja sana ni boya la tangi lisilofunga na bomba lililozikwa chini ya karo. Na usiache mfereji wazi ukisubiri maji. Maji yanaporudi hutanguliwa na upepo, na upepo ule unaweza kuizungusha mita. Fungua kidogo kidogo baada ya kusikia mlio umetulia.

La tatu, pampu ya jirani, ndilo linalotukera zaidi, maana watu wanalichukulia kama ujanja wa mjini. Pampu iliyofungwa moja kwa moja kwenye bomba la mtaa inafyonza. Ikifyonza kuliko maji yaliyopo, ndani ya bomba hubaki utupu, na kila penye ufa panavuta kilicho nje: maji ya mtaro, ya karo, ya choo. Mabomba mengi ya mitaa yetu yanapita sambamba na mitaro. Zanzibar imeshazika watu kwa kipindupindu, na njia yake mojawapo ni hii hasa. Anayetaka pampu aweke tangi la chini, hata la lita 500, lijazwe na mfereji kwa boya, kisha pampu ivute kutoka kwenye tangi hilo kwenda juu. Mfungaji anapata maji yake, mtaa unabaki salama. Mwambie jirani kwa upole, na umweleze kuwa uchafu unaofyonzwa unaingia kwanza kwenye tangi lake yeye.

Ukimaliza, peleka karatasi ya vipimo vya wiki nzima kwa Mamlaka ya Maji, ZAWA, pamoja na namba ya mita na majina ya majirani waliopima nawe. Omba namba ya kumbukumbu ya lalamiko. Mwakilishi mpe nakala baada ya hapo, si kabla.

Kisima chetu kilicho karibu na pwani kimeanza kuwa na chumvi. Mafundi wanasema tuchimbe kwenda chini zaidi. Ni kweli itasaidia?
*Msomaji, Wilaya ya Kusini, Unguja*

Hapana, itazidisha.

Maji matamu ya kisiwa yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya ardhi, kwa kuwa ni mepesi. Kanuni ya wataalamu ni hii: kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina mita 40 hivi za maji matamu chini yake. Ukivuta kwa nguvu hata usawa ukashuka mita moja, mpaka wa chumvi unaweza kupanda mita 40 taratibu. Kwa kuchimba chini mnausogelea mpaka huo. Kwa kuvuta sana mnauita uje.

La kufanya ni kupunguza mvuto. Badala ya pampu kubwa saa moja, pampu ndogo ivute kidogo kidogo kwa saa nyingi na kujaza tangi, kisha kisima kipumzike usiku kucha. Onjeni mwanzo na mwisho wa kuvuta. Kikianza kitamu na kumaliza na chumvi, mnavuta kupita uwezo wake. Kikiwa na chumvi tangu ndoo ya kwanza ya alfajiri, mpaka umeshapanda, na kurudi kwake hutaka mvua za misimu. Mkitaka kuchimba kingine, kiwe mbali zaidi na bahari, na mpate kibali cha ZAWA kwanza. Hoteli na nyumba zilizochimba jirani nazo zinavuta maji yale yale, na hilo ni suala halali kabisa la kumpelekea Mwakilishi: vibali vimetolewa vingapi ndani ya shehia, na nani anapima chumvi.

Jambo jengine linalopuuzwa ni vyoo. Kawaida husemwa choo cha shimo kiwe mita 30 kutoka kisimani. Kwenye ardhi ya uwanda, yenye matumbawe, maji hupita kwenye nyufa, si kuchujwa na udongo, kwa hiyo mita 30 haziwapi dhamana. Maji ya kunywa yachemsheni au yatieni klorini hata kama yanaonekana meupe.

Mwisho, angalieni juu. Bati la mita za mraba 60 linawapa lita 480 hivi kwa mvua ya milimita 10 tu, hata baada ya kutoa yanayopotea. Mwageni maji ya mwanzo, ndoo tatu au nne, maana ndiyo yanayoosha vumbi na vinyesi vya ndege. Kabla ya masika safisheni tangi: sugueni ndani, jazeni, na kwa kila lita 1,000 tieni lita moja na nusu ya jiki ya asilimia 3.5, isiyo na harufu ya manukato. Liacheni saa 24, mwageni yote mbali na mimea, suuzeni, ndipo mjaze ya kunywa. Anayesafisha asiingie peke yake ndani ya tangi la chini, na mfuniko ubaki wazi. Hewa ya mle inaua.

Binti yangu ataandikishwa mtihani wa kidato cha nne. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Fatuma, skuli wamemuandika Fatma, na jina la babu limekosekana. Nibadilishe kipi?
*Mzazi, Micheweni*

Fuata cheti cha kuzaliwa, kama chenyewe ni sahihi, na ubadilishe maandishi ya skuli. Fanya hivyo kabla ya majina kupelekwa Baraza la Mitihani. Cheti cha mtihani kikishachapishwa, kurekebisha jina ni safari ndefu, na tofauti ya herufi moja itamrudia chuoni, benki na kwenye ajira.

Kama cheti ndicho kilichokosea, nenda afisi ya wilaya ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Wakala huu uliundwa kwa Sheria Namba 3 ya 2018, na ndio unaoshughulika na vizazi, vifo, ndoa, talaka na Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Chukua cheti halisi, kadi ya kliniki au karatasi ya hospitali aliyozaliwa, vitambulisho vya wazazi wote wawili, cheti cha ndoa kikiwapo, barua ya skuli na barua ya sheha. Unaweza kutakiwa hati ya kiapo ya mahkamani inayosema Fatuma na Fatma ni mtu mmoja. Hati hiyo haibadilishi jina, inaunganisha maandishi mawili tu. Anayetaka jina jipya kabisa ana utaratibu mwengine, wa hati ya kubadilisha jina, na wengi hulipia kiapo wakidhani wamemaliza.

Makosa mengi huanza siku saba za mwanzo. Mtoto huzaliwa hospitali, karatasi huandikwa “mtoto wa fulani”, kwa kuwa jina hutolewa siku ya akika. Baada ya hapo hakuna anayerudi kuliandikisha mpaka mtoto anapotakiwa skuli, na mtu wa kwanza aliye tayari kwenda ndiye anayetamka jina dirishani, kila mtu kwa lafudhi yake. Andikeni majina matatu kwenye karatasi kwa herufi kubwa, mama na baba wakubaliane, na aliyetumwa akabidhi karatasi badala ya kutamka. Kabla hajaondoka dirishani asome herufi kwa herufi: majina matatu, tarehe, jinsia, shehia, na namba za vitambulisho vya wazazi. Kosa likionekana hapo hapo husahihishwa kwa dakika chache.

Aliyejifungulia nyumbani apite kwa sheha haraka, pamoja na mkunga aliyemzalisha.

Mama yetu ana zaidi ya miaka 70, lakini hajaingizwa kwenye Pensheni Jamii. Tunaambiwa umri haujafika.
*Ndugu wawili, Mkoani*

Kitazameni kitambulisho chake kwanza. Afisa hafuati umri mnaoujua nyumbani, anafuata tarehe iliyochapishwa. Wazee wengi waliandikishwa kwa kukisia, na kuna waliopunguziwa miaka bila ya mtu kugundua. Ikiwa tarehe imekosewa, marekebisho ni kule kule kwenye afisi ya usajili, na mtahitaji ushahidi: cheti cha ndoa yake, cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake wa kwanza, pasipoti ya zamani, daftari la skuli. Mwenye mtoto wa miaka 58 hawezi kuwa na miaka 66, na hoja hiyo hueleweka.

Mpango huu ulianza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye zikapandishwa hadi shilingi 50,000. Ni haki ya Mzanzibari mkaazi aliyefika miaka 70, tajiri au maskini, hata akiwa anapokea pensheni ya kazi. Msikubali kuambiwa kuwa ni kwa wasio na watoto. Akishathibitika umri, nendeni kwa sheha na kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya. Ikiwa mama hawezi kutoka, ulizeni hapo hapo utaratibu wa mtu wa kumpokelea, na mteue mtu ambaye mama mwenyewe anamwamini.

Nyumba ya marehemu baba ilifungwa muda mrefu. Sasa mita ya umeme ya TUKUZA inakataa tokeni zote.
*Msomaji, Chake Chake*

Mita za tokeni za tarakimu 20, dunia nzima, zilifika mwisho wa hesabu yao ya muda tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo haikuingiziwa namba za kubadilishia kabla ya siku hiyo hukataa tokeni mpya hata kama umelipa. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuangalia kwa nyumba iliyofungwa. Nenda Shirika la Umeme, ZECO, na namba ya mita na risiti ya tokeni ya mwisho. Ukipewa namba hizo, huwa ni mbili, kila moja ya tarakimu 20. Ziingize kwa mfuatano uliopewa, ya kwanza mpaka ikubaliwe, kisha ya pili, ndipo tokeni ya umeme. Ukikosea mara nyingi mfululizo mita inaweza kujifunga kwa muda. Iache, usiigonge wala usiifungue. Mita iliyokatwa lakiri inageuka kesi.

Waambie pia kuwa mwenye jina amefariki, ili akaunti ihamishiwe kwa warithi. Deni la zamani hufuata mita, kwa hiyo ulizeni kabla ya kugawana nyumba.

Nimetakiwa “chai” ili barua yangu isainiwe. Nilipe?
*Jina limehifadhiwa*

Usilipe. Malipo halali ya Serikali yana namba ya malipo na risiti, na hupitia benki au simu. Anayepokea mkononi bila risiti anachukua yake. Omba kwa utulivu akuandikie kiasi na sababu yake. Mara nyingi dai huishia hapo. Likiendelea, andika siku, saa na maneno aliyotumia, uende kwenye mamlaka ya kuzuia rushwa, ambayo ina afisi Unguja na Pemba.

Tunataka kumwita Mwakilishi wetu mkutanoni, lakini mikutano yote iliyopita imeishia kwenye kelele. Tuuandaeje?
*Kamati ya vijana, Kaskazini A*

Wiki mbili kabla, kaeni bila yeye. Kila mtaa ulete jambo moja lenye karatasi: barua yenye muhuri wa kupokelewa, vipimo, au jibu la afisi lililokataa. Jambo lisilo na karatasi lirudi kwenye afisi yake kwanza. Mtabaki na matatu au manne, na hayo yanatosha kwa saa mbili.

Mpelekeeni orodha mapema, apate kuuliza wizarani kabla hajaja. Akishtukizwa mbele za watu atatoa ahadi, na ahadi ya namna hiyo ni rahisi kutoa. Mwiteni pia diwani, sheha na afisa wa ZAWA au ZECO wa wilaya, maana mara nyingi jibu analo yule wa chini. Wanawake wapewe nafasi ya kuanza, kwa sababu wao ndio wanaobeba madumu, na saa ya mkutano isigongane na ya kupika. Baada ya Alasiri panafaa.

Kila jambo liishe na maneno matatu yaliyoandikwa: nani, nini, lini. Muulizeni jambo gani atalipeleka Barazani kama swali, na katika mkutano upi. Swali la Barazani hujibiwa na waziri, na linabaki kwenye kumbukumbu za Baraza. Mwandikieni swali lenyewe, fupi, lenye jina la shehia na idadi: “Ni lini Serikali itabadilisha bomba la mita 800 linalohudumia shehia fulani?” Swali la “Serikali ina mpango gani wa maji?” litajibiwa kwa mpango wa Zanzibar nzima, na mtaa wenu hautatajwa.

Katibu asome kumbukumbu kabla watu hawajatawanyika, Mwakilishi na sheha watie saini, na nakala ibandikwe kwenye afisi ya sheha.